Picha yangu ilikaa siku mbili ikisubiri simu ya kijiji iwashwe

Wakuu, heshima kwenu wote mliomo humu. Mimi ni msomaji wa siku nyingi, napita kimya kimya, nacheka na nyinyi, naondoka. Leo ndiyo mara ya kwanza nafungua uzi wangu mwenyewe.

Nitakachoandika kimenikuta mimi. Si rafiki yangu, si dada wa jirani. Majina nimebadilisha, mengine yote nimeyaacha kama yalivyokuwa. Sina haja ya kuongeza chumvi, iliyomo inatosha.

Na kabla hujakimbilia kwenye comment kuandika "si ulipiga mwenyewe", naomba usome mpaka chini. Ukimaliza andika unachotaka. Nimeshaambiwa makubwa kuliko hayo na watu wanaonijua kwa jina.

Mimi ni Mrundi. Nimezaliwa na kukulia kambini Tanzania, mkoa wa Kigoma, ndiyo maana Kiswahili changu ni hiki mnachosoma. Tulirudi Burundi nikiwa tayari msichana mkubwa, wazazi wakarudia shamba la babu Butihinda, huko Muyinga, karibu na mpaka. Kirundi changu mpaka leo watu wanakicheka.

Waliokulia kambini watanielewa haraka kwenye hili.

Kule kuna siku inaitwa ya uhakiki. Familia nzima mnapanga foleni, mnaingia mmoja mmoja, unasimama mbele ya kamera ili ijulikane kwamba bado upo na bado ni wewe. Asiyepigwa picha jina lake linakatwa, na jina likikatwa chakula chake nacho kimekatwa.

Baba alikuwa anatufanyisha mazoezi nyumbani kabla ya siku hiyo. Anatupanga ukutani, anasimama mbele yetu. "Simama wima. Angalia kamera. Usicheke."

Mwaka mmoja kaka yangu alicheka, akarudishwa mwisho wa foleni, na sisi wote tukashinda juani kwa ajili ya meno yake. Tangu siku hiyo sijawahi kucheka kwenye picha.

Nawaomba mkumbuke hilo.

Basi, baada ya kurudi nikajifunza cherehani, nikapata kazi Gitega. Bosi wangu nitamwita Mama Shamila, mama wa Kiislamu, fundi wa magauni na suti za harusi na mabuibui kwenye mtaa wa Waswahili. Yule mama ana mdomo mrefu, siku nzima anakusema, lakini chakula chake hali mpaka wewe umekula.

Prosper alikuja pale na sare za kwaya. Wanakwaya walikuwa wamenenepa, suruali zinataka kufumuliwa. Mwenyewe ni mtu wa Bukirasazi, anauza vipuri vya pikipiki sokoni Gitega. Mpole, anasalimia wazee kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, yeye thelathini na tatu.

Miezi ya kwanza sina la kulalamika. Ananipitia kazini, ananiletea mishikaki, anauliza habari za wazazi. Nikasema Mungu ameniona.

Halafu akaanza: "Nitumie picha nione uko wapi."

Nikatuma. Niko kwenye cherehani, nguo ya mtu mapajani.

Kesho yake tena. Halafu asubuhi na mchana. Halafu akataka saa ya ukutani ionekane kwenye picha, ili ajue si ya jana. Halafu jioni nikiwa chumbani kwangu, aone mlango umefungwa.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, wakuu, na nadhani msichana aliyekulia Gitega asingelifanya. Yeye angeuliza, kwani wewe nani? Mimi niliona ni kawaida tu. Kwangu mimi mtu anayekujali ndiye anayekuhakiki, na asiyekuhakiki ni yule aliyekwisha kukata jina lako. Nilifika mahali akisahau kuniomba picha naanza kuwa na wasiwasi.

Mama Shamila aliona kabla yangu. Siku moja akaniwekea mkasi mezani kwa nguvu.

"We mutoto, kila saa uko unapiga picha. Iko kazi ao iko studio?"

Nikamwambia ni mchumba anataka kujua kama niko salama.

"Mais salama ya nini? Hapa iko vita? Iyo mwanaume iko anakufunga bila kamba. Mi nakuambia, we utakuja kunikumbuka."

Nikanuna. Nikasema moyoni huyu mama ana wivu, mume wake mwenyewe hajawahi kumpigia simu hata mara moja.

Siku iliyofuata Prosper aliniambia anataka picha nikiwa bafuni. Nikakataa. Akaninyamazia siku tatu nzima, hapokei simu, akipita mbele ya duka anaangalia upande wa pili. Siku ya nne akaja.

"Chérie, mi sina shida na we. Mi nataka tu kuwa sûr, kuwa na uhakika. Kama we hauna kitu cha kuficha, sasa unaficha nini?"

Mnaona swali lenyewe? Mpaka leo nikilikumbuka natafuta jibu.

Nikaegesha simu kwenye dirisha la bafu, nikarudi nyuma hatua mbili. Nikasimama wima, nikaangalia kamera, sikucheka.

Akajibu kwa moyo mwekundu, akasema ameshaifuta. Nikamwamini. Baada ya hapo zikawa nyingi, sikuzihesabu, na kila mara anasema ameshafuta.

Mengine nitayapitia haraka maana yananichefua. WhatsApp yangu aliiunganisha na simu yake, akawa anasoma kila kitu. Bwana harusi yeyote nikimpima suti ni kesi. Nywele nisuke alivyopenda yeye. Namba za wateja wanaume alifuta mwenyewe, na wengine walikuwa bado hawajachukua nguo zao. Mama Shamila akabaki na makoti matatu ya wenyewe hawajulikani walipo.

Sasa niwaeleze kuhusu simu ya kijiji.

Kule kwetu Butihinda baba hana smartphone, na majirani wengi hawana. Anayo Leonidas, katekista wetu, naye alirudi kutoka kambini kama sisi. Basi watoto wote walioko mjini, ukimpiga picha mtoto wako mchanga au nyumba uliyojenga, unaituma kwa Leonidas.

Na Leonidas ni mtu wa utaratibu. Wiki nzima simu yake imezimwa. Jumamosi jioni inachajiwa senta kwenye sola ya mtu, Jumapili baada ya ibada na chakula, kama saa nane, anakaa uani kwake na ndipo anawasha data. Watu wanakuja na vigoda vyao. Kila picha inayoingia anaishika juu, anatangaza jina la mwenye mtoto, halafu simu inazunguka mkono kwa mkono. Wazee wanaipangusa kioo kwanza.

Ni kitu kizuri kuliko vyote tulivyonavyo pale kijijini. Nilimsimulia Prosper siku moja huku nacheka, nikamuonyesha hadi namba ya Leonidas.

Mama Shamila ana dada yake Muyinga mjini, alikuwa anafungua karakana ya kushona na anatafuta fundi mkuu. Akanipendekeza mimi. Fundi mkuu, wakuu! Na nyumbani ni karibu. Nikakubali pale pale bila kumuuliza mtu, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu.

Prosper aliposikia hakupiga kelele. Alisema tu, "Haya, we enda Muyinga. Utaona."

Ijumaa mchana nikiwa natia vifungo, ikaingia screenshot kutoka kwake.

Ilikuwa chat ya Leonidas. Ndani yake ile picha yangu ya kwanza, ya bafuni, ambayo alisema ameifuta. Chini yake maneno, "Baba wa huyu aone." Na pembeni tiki moja ya kijivu.

Tiki moja. Maana yake imetumwa lakini haijafika, simu ya Leonidas imezimwa.

Halafu akaandika: "Rudi kwangu tuongee vizuri, mi nitaifuta kabla hajawasha. Jumapili saa nane haiko mbali."

Nilikaa chini kwenye vipande vya kitambaa. Sikulia, kichwa kilikuwa kinafanya hesabu. Nikampigia Leonidas, haipatikani. Nikawaza kumpigia jirani yetu mwenye kitochi. Nimwambie nini? "Mwambie katekista Jumapili asifungue picha"? Ningekuwa nimewaita wote waje kuangalia.

Nikawaza pia kurudi kwa Prosper. Siwadanganyi. Ningeingia kwake Ijumaa ile ile, angeifuta, baba asingejua kitu, na mimi ningebaki mle mpaka nizeeke. Nilishafika hadi mlangoni na mkoba begani.

Mama Shamila akanikamata mkono. Nikamwonyesha simu. Alisoma, akageuza uso ukutani, akavuta pumzi.

"We enda kwa baba yako. Umuambie we mwenyewe, na mdomo yako. Usingoje simu ndo imuambie."

"Ataniua, Mama."

"Basi akuue yeye, si uyu. Na usifute kitu! Maneno yake yote iache pale pale ndani."

Jumamosi alfajiri niko stendi ya magari. Mafuta hakuna, mnajua hali yetu. Dereva mmoja anasema yapo yanakuja, mwingine anasema hayaji. Nilikaa pale juu ya begi mpaka alasiri. Na muda wote Prosper ananitumia ujumbe.

"Bado tiki moja."

Baada ya saa mbili, tena. "Bado moja. We uko wapi? Nitumie picha."

Hata siku hiyo alitaka picha! Na aibu yangu kubwa ni kwamba mkono ulifungua kamera wenyewe, nikashtuka nimeshainyoosha simu mbele ya uso. Nikaizima.

Tulifika Muyinga jioni, nikalala kwa dada wa Mama Shamila. Jumapili asubuhi nikachukua pikipiki mpaka Butihinda. Nilifika watu wametoka kanisani, baba yuko uani anapukuchua maharage na shati lake la ibada, mama yuko jikoni.

Nikawaambia. Yote. Kuhusu saa ya ukutani, bafu, tiki moja. Nilikuwa naongea nikiangalia maharage.

Mama akashika kichwa. Akauliza, "Hata kanga mwanangu? Hukuvaa hata kanga?" Hilo tu. Aliuliza mara tatu.

Baba hakuuliza hayo. Aliuliza, "Leonidas ameshawasha?"

"Saa nane, baba."

Akaangalia jua, akavaa viatu. "Twende."

Tulipofika uani kwa Leonidas watu kama kumi na wawili wameshakaa. Bibi mmoja alikuwa anasubiri picha ya kitukuu wake aliyebatizwa, amevaa kitenge kipya kabisa kwa ajili hiyo. Data imeshawashwa. Simu inalia tu, ting, ting, ting, za wiki nzima zinaingia.

Baba akaenda moja kwa moja. "Leonidas, nipe hiyo simu kwanza."

Leonidas hakuelewa, akadhani baba ana hamu. "Subiri mzee, pengine yako ni hii hapa, namba ngeni, imeandikwa baba wa..." Na kidole chake kikafungua.

Baba alikuwa amesimama begani kwake. Aliiona.

Ni sekunde mbili. Leonidas aliipiga simu kifudifudi kwenye paja kana kwamba imemuunguza. Wengine hawakuona kitu. Lakini baba aliona, na mimi niliona kwamba ameona.

Nilitaka ardhi inimeze. Baba akageukia watu.

"Jamani, leo hakuna picha. Kuna mwanaume Gitega amemsumbua binti yangu mpaka binti akajipiga picha bila nguo, na sasa ameituma hapa ili mnicheke. Binti ameniambia mwenyewe kabla ya simu. Anayetaka kucheka acheke sasa, nipo hapa."

Hakucheka mtu. Bibi wa kitenge kipya alikohoa. Leonidas akanipa simu bila kuniangalia usoni, nikaifuta mwenyewe, nikamblock Prosper kwenye simu ya katekista na kwenye yangu.

Ningeishia hapa mngenipigia makofi. Binti jasiri, baba shujaa. Kwa hasira yangu nitaendelea.

Njiani kurudi baba alitangulia, mimi nyuma. Tulipovuka kijito akasimama bila kugeuka.

"Umesimama kama siku ya uhakiki."

Nikaangalia maji.

"Wima. Mikono chini. Unaangalia kamera." Akaangalia viatu vyake. "Ni mimi niliyekufundisha."

Nikamwambia hapana baba, si wewe, ni yeye. Nikamshika shati. Akaendelea kutembea. Usiku ule hakula, na mpaka leo hajawahi kulitaja tena.

Mnaelewa kinachoniuma? Prosper hajajuta hata dakika moja. Baba yangu ndiye anayejuta.

Leonidas naye hajawahi kurudia zile Jumapili. Anasema anaogopa atakachokuta. Sasa ukitaka kuona picha ya mjukuu wako unamfuata kanisani, anakuonyesha wewe peke yako pembeni ya ukuta. Unajua wanamlaumu nani? Mimi. Yule bibi alimwambia mama yangu kisimani kwamba kwa ajili ya mambo yangu ya mjini kijiji kizima kimenyimwa kuona watoto wake. Alikufa miezi miwili baadaye, sijui kama alimwona kitukuu.

Nilikwenda kushtaki. Ofisi sitaitaja. Yule bwana alinisikiliza vizuri tu, halafu akasema nilete picha zenyewe ili wahakiki kama kweli ni mimi.

Wahakiki! Nilicheka, wakuu. Nilicheka mpaka akaniuliza kama niko mzima. Nikachukua begi langu nikatoka.

Baadaye Mama Shamila alinitafutia mwanasheria mwanamke. Huyo hakutaka picha hata moja. Alitaka vitisho, zile "bado tiki moja" zote, na nilikuwa nazo kwa sababu yule mama alinikataza kufuta. Shauri lipo, linasogea polepole kama mambo yetu yote yanavyosogea.

Prosper yupo Gitega. Anauza vipuri, Jumapili anaimba, suruali ya kwaya niliifumua mimi kwa mkono wangu. Amewaambia wenzake nilimkimbia kwa sababu ya mwanaume wa Muyinga. Nasikia ana mchumba mpya. Nilitafuta namba ya yule dada, nikampigia, akaniambia nina wivu. Nilimwelewa vizuri sana, kwa sababu na mimi nilimjibu hivyo hivyo Mama Shamila moyoni.

Nilichojifunza, kama kuna dada anasoma hapa, ni kwamba anayekutaka uthibitishe kila saa hatafika siku aseme inatosha. Mimi nilidhani ipo picha moja ya mwisho ambayo nikishaituma ataamini. Haipo. Na akikutishia, kamwambie mwenyewe yule unayemuogopa, kabla hajaambiwa. Inauma vibaya sana, ila yule mwanaume anabaki na simu tu mkononi.

Na nyinyi kaka zangu mnaopokea hizo picha kwenye magroup na kuzisukuma mbele, mwenzenu Leonidas ni katekista wa kijijini anayewasha data mara moja kwa wiki, na alijua kuigeuza simu kifudifudi. Nyinyi mnashindwa nini?

Namalizia na hili.

Mwezi uliopita mdogo wangu wa mwisho alihitaji picha ya passport kwa ajili ya shule. Baba alimleta kwangu Muyinga, ninakoshona sasa, tukaenda wote kwa mpiga picha. Mtoto alipokaa kwenye kile kiti alimgeukia baba, maana ndiye anayejua. Anasubiri aambiwe.

Baba alifungua mdomo. Halafu akaufunga, akatoka nje, akasimama barabarani na kofia yake mkononi mpaka tukamaliza.

Mdogo wangu alicheka kwenye ile picha, meno yote nje. Shule wameikataa, wanataka nyingine. Mzee bado ameiweka mfukoni mwa shati la ibada.

Wakuu, mwenye mzazi aliyejibebesha kosa lisilo lake, anisaidie hapa chini, nimwambie maneno gani baba yangu? Ushauri wa sheria naupokea, matusi nayo nitayasoma. Lakini hilo la baba ndilo lililonifanya nifungue uzi.